Mbona Watu Wangu Wanaelea? Utatuzi wa Matatizo ya Picha ya Mandhari Yenye Umati

Mandhari tupu husamehe mengi. Mti ukizidi urefu kwa robo, nani atajua? Lakini weka mtu mmoja chini ya mti huo, na kila anayetazama anakuwa hakimu, maana hakuna asiyejua mtu anavyosimama. Sasa weka watu sitini wanaokimbia, wanaoinama, wanaobeba mizigo na kufukuzana. Hapo ndipo picha iliyokuwa inakwenda vizuri wiki nzima inapoharibika kwa mchana mmoja.

Nimeupanga mwongozo huu kwa kufuata malalamiko, yale yale ninayoletewa na wanafunzi na ambayo, kusema kweli, najilalamikia mwenyewe mbele ya turubai. Tafuta linalofanana na lako. Chini ya kila moja, sababu ya kwanza ndiyo inayotokea zaidi, kwa hiyo ianze hiyo, na usikimbilie kukwangua rangi kabla hujapima kwa rula. Jambo moja utalikuta likijirudia: kosa linaloonekana kwa watu mara nyingi limeanzia ardhini. Mchoraji alimaliza mandhari, akaridhika nayo, ndipo akaanza kubandika watu juu yake kama stempu juu ya bahasha.

Kabla ya kugusa brashi

Rudi nyuma hatua sita, finya macho mpaka picha iwe ukungu, uone ni nini kinabaki. Kisha igeuzie picha mgongo na uitazame kupitia kioo. Kosa ambalo jicho lako limeshalizoea litakurukia. Mwisho ipige picha kwa simu, iondoe rangi ibaki nyeusi na nyeupe, uipunguze hadi ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Vipimo hivi havimalizi dakika tano. Nimeona watu wakifuta kazi ya siku tatu kwa kosa ambalo kioo kingewaonyesha kuwa liko kwa mtu mmoja tu.

Dalili: watu wanaelea, au mmoja jitu na mwenzake kichuguu

*Sababu ya kwanza: kimo cha mtu hakilingani na mahali nyayo zake zilipo.* Hii peke yake ni zaidi ya nusu ya kesi zote ninazokutana nazo, na bahati nzuri dawa yake ni hesabu ya kugawanya.

Kwenye ardhi tambarare, mstari wa upeo wa macho uko sawa na kimo cha macho yako wewe unayetazama. Ukiwa umesimama chini, macho yako mita 1.6 kutoka ardhini, mstari huo unapita kwenye macho ya kila mtu mzima wa kimo chako, awe hatua tatu mbele yako au mwisho kabisa wa uwanja. Nyayo zao zitapanda na kushuka kwenye picha. Vichwa vitabaki kana kwamba vimetungwa kwenye kamba moja. Ukiona mtu wa mbali ambaye kichwa chake kiko chini ya kamba hiyo, basi huyo ni mtoto, au ameketi, au umekosea.

Ukipanda juu, hesabu inabadilika lakini kanuni ni ile ile. Tuseme unatazama kutoka ghorofani, macho yako mita 8 juu ya uwanja. Mtu wa mita 1.6 ni moja ya tano ya kimo hicho. Basi popote utakapomweka, pima kutoka nyayo zake hadi mstari wa upeo, ugawe kwa tano. Nyayo zikiwa sentimita 20 chini ya upeo, mtu ana sentimita 4. Zikiwa sentimita 10, ana 2. Zikiwa sentimita 5, ana 1. Kata ukanda wa karatasi, utie alama za vimo hivyo, uutembeze juu ya picha kutoka mtu hadi mtu. Anayezidi au kupungua utamjua papo hapo.

Anayeruka hapimwi kutoka kwenye nyayo zake. Mpime kutoka mahali kwenye ardhi palipo chini yake wima, yaani pale ambapo angetua kama angekatwa kamba. Wengi hupasahau hapa, wakashangaa kwa nini mrukaji wao ameonekana yuko mbali kuliko wenzake.

Na kwenye mteremko? Hapo kugawanya hakutoshi, kwa sababu nyayo zinaweza kuwa juu kwenye picha si kwa sababu mtu yuko mbali bali kwa sababu kilima kimempandisha. Tumia kitu ambacho kimo chake unakijua na kiko jirani naye: mlango, uzio, ng'ombe. Kama picha yako ni ya milima mitupu isiyo na kitu cha kulinganisha, chora kwanza kwa mkaa mtu mmoja wa kipimo katika kila daraja la ardhi, mmoja chini bondeni, mmoja katikati, mmoja kileleni. Ukiwa na hakika na hao watatu, wengine wote watapimwa kwao.

*Sababu ya pili: hakuna kivuli cha mguso.* Ukitazama kiatu kilichokanyaga udongo, kuna mstari mwembamba wa giza pale soli inapogusana na ardhi, mweusi kuliko kivuli kingine chochote cha mtu huyo. Mstari huo ndio unaompigilia mtu chini. Wachoraji huchora kivuli kirefu kizuri kilicholala juu ya nyasi, wakakiacha kidogo mbali na mguu, na mtu anabaki hewani. Weka mguso mmoja wa rangi nzito chini ya kila unyayo unaokanyaga, halafu urudi nyuma kutazama. Mara nyingi tatizo huishia hapo.

*Sababu ya tatu: vivuli vinagombana.* Jua ni moja. Likiwa pembeni yako, vivuli vyote vinalala sambamba kuelekea upande mmoja. Likiwa mbele yako, vivuli vinakujia vikitawanyika kama vijiti vya feni, na ukivirefusha kwa rula kurudi nyuma vyote vinakutana kwenye nukta moja ya upeo, chini kabisa ya jua. Jua likiwa nusu ya njia kati ya upeo na utosi, urefu wa kivuli ni sawa na kimo cha mtu. Kosa hili huwapata sana wanaokusanya watu kutoka picha za simu zilizopigwa saa tofauti: mmoja wa asubuhi, mwingine wa saa sita, na wote wamekutana uwanjani wakiwa kila mtu na jua lake.

*Sababu ya nne, nadra kidogo: nyayo zimechorwa vizuri mno.* Mtu anayekimbia kwenye nyasi haonyeshi vidole vya miguu. Nyasi zinavimeza, vumbi linavifunika. Chukua brashi ya rangi ya ardhi, upitishe mguso mmoja mbele ya kifundo. Ardhi inapompanda mtu kidogo, anakuwa wa pale.

Dalili: wanakimbia, lakini wamegeuka sanamu

Hili ndilo linalovunja watu moyo, maana kila kitu kiko sahihi na hakuna kinachotembea.

*Anza na timazi.* Chukua uzi, ufunge kitu kizito kidogo mwishoni, uushike juu ya kishimo cha shingo cha mtu uliyemchora. Uzi ukiangukia kwenye mguu unaobeba uzito, au katikati ya miguu miwili, mtu huyo amesimama, hata ungempinda magoti namna gani. Anayetembea uzi unamtangulia kidogo. Anayekimbia unaangukia mbele kabisa ya mguu uliokanyaga; mwili wake unaanguka na mguu wa nyuma unawahi kuudaka. Kukimbia ni kuanguka kunakoahirishwa. Kama timazi inasema mtu wako amesimama, usihangaike na mikono wala nguo: inamisha kiwiliwili kizima.

*Pili, umechora katikati ya tendo.* Fikiria mtu anayerusha jiwe. Mkono ukiwa usawa wa bega, katikati ya safari yake, hatujui anarusha, anapunga au anaonyesha njia. Urudishe mkono nyuma mpaka mwisho, kiuno kimejikunja, jiwe liko nyuma ya sikio, na kila mtu ataona litakapokwenda. Chagua mwanzo au mwisho wa tendo. Katikati ni pa kamera.

*Tatu, hatua zimechanganywa.* Anayetembea huwa na mguu mmoja chini wakati wote. Anayekimbia kuna nukta ambapo miguu yote miwili iko hewani. Mkono wa kulia huenda mbele na mguu wa kushoto. Kinyume chake ni mwendo wa ngamia, ambaye miguu ya upande mmoja huenda pamoja, na mtu aliyechorwa hivyo huonekana mlevi bila mtazamaji kujua ni kwa nini. Kwa aliye hewani, tenganisha kivuli chake na mguu wake: ile nafasi ndogo ya ardhi yenye mwanga kati ya soli na kivuli ndiyo inayomwinua. Ni kosa la dalili iliyotangulia, safari hii limegeuka kuwa dawa.

*Nne, wote wako kwenye hatua ile ile.* Niliwahi kuchora watu wakikimbia mvua kutoka uwanjani. Nilipomaliza, nilihisi natazama gwaride. Nikawahesabu: watu 31, na 24 kati yao walikuwa wametanguliza mguu wa kulia. Mkono wangu ulikuwa umejifunza mkimbiaji mmoja na kumrudia kama muhuri. Tangu hapo, kabla ya kuanza, huandika pembeni orodha ya matendo: anayechepuka, anayejikwaa, aliyegeuka kumwita mwenzake, aliyevua shati kujifunika, aliyesimama tu kwa sababu ameshalowa na hana haraka tena. Huyo wa mwisho usimwache. Mtu mmoja aliyetulia ndiye kipimo cha mbio za wengine.

*Tano, nguo na nywele zinakwenda sambamba na mwili.* Kitambaa huchelewa. Mwili ukigeuka kulia, upindo wa nguo bado uko kushoto. Angalia pia upepo: kama moshi unaelekea mashariki na vilemba vinapepea magharibi, picha inajikana yenyewe.

*Sita, kila ukingo ni mkali.* Acha kichwa na kiwiliwili viwe wazi, halafu ukingo wa mguu wa nyuma au mkono unaorudi uuburute kidogo kwa brashi kavu wakati rangi ingali mbichi. Mmoja kati ya watano inatosha. Ukiwafanyia wote, picha itaonekana imepigwa na mtu anayetetemeka.

Nina la kusema kuhusu kunakili picha za kamera. Mwaka 1821 Théodore Géricault alichora farasi wa mbio huko Epsom, miguu ya mbele imenyooka mbele na ya nyuma imenyooka nyuma, matumbo karibu yaguse nyasi. Mwaka 1878 Eadweard Muybridge akapiga picha mfululizo za farasi anayekimbia na kuonyesha kwamba miguu yote minne huwa hewani kweli, lakini ikiwa imekunjwa chini ya tumbo, si imenyooka vile. Géricault alikosea, na farasi wake bado wana kasi. Picha za Muybridge ni sahihi, na ukizitazama moja moja farasi anaonekana kama amening'inizwa. Kwa hiyo itumie kamera ujue goti linapinda wapi, kisha uifunge na uchore ulichokiona kwa macho.

Kama vyote hivi havijasaidia, tengeneza vikaragosi. Finyanga watu wadogo kwa udongo au nta, uwapange juu ya ubao, uwamulike kwa taa moja. Nicolas Poussin alifanya hivyo katika karne ya 17, akiwavika hata nguo. Ni kazi ya siku nzima, lakini inajibu kwa pamoja maswali ya vimo, vivuli na nani anamziba nani.

Dalili: picha imejaa, macho hayajui pa kutua

*Sababu inayoongoza: watu wamesambazwa sawasawa*, kama mbegu zilizopandwa kwa kamba. Umati wa kweli haukai hivyo. Hujikusanya, huacha uwazi, huvuja pembeni. Tazama ile picha ndogo ya ukubwa wa ukucha. Ukiona chenga tupu, waunganishe watu kwenye mafungu: moja kubwa, moja la wastani, na wachache waliopotea njia. Ndani ya fungu, wacha wazibane. Wa nyuma aonyeshe kichwa na bega tu. Miguu yake haituhusu. Na acha ardhi tupu ya kutosha, walau theluthi ya uwanja, la sivyo wanaokimbia hawana pa kukimbilia.

Albrecht Altdorfer, katika vita vya Issos, vya Aleksanda Mkuu dhidi ya Waajemi, alivyovichora mwaka 1529, alipanga askari wasiohesabika hivi: vikosi vyote ni mawimbi, na kilichochorwa kwa uangalifu ni mikuki na bendera zinazoonyesha wimbi linapinda wapi. Ukikaribia ndipo unawaona watu.

*Sababu ya pili: kila mtu ana mwanga na giza vya nguvu moja.* Chagua mahali pamoja, si zaidi ya pawili, ambapo cheupe kabisa kinakutana na cheusi kabisa. Kwingine punguza. Huna haja ya kuchora upya: rangi ikishakauka, pitisha tabaka jembamba linalopitisha mwanga, la rangi ya ardhi au ya anga, juu ya fungu zima linalopiga kelele.

*Ya tatu: mikondo inatoka nje ya picha.* Weka karatasi ya plastiki angavu juu ya turubai, na kwa kalamu ya wino mzito chora mshale kwa kila mtu kuelekea anakokwenda au anakotazama. Mishale yote ikielekea ukingo wa kulia, mtazamaji ataifuata na hatarudi. Geuza watu watatu wanne karibu na ukingo, au weka kitu cha kuwazuia: mti, ukuta, mkokoteni. Mtu mmoja anayekwenda kinyume na mkondo, na anayetazamwa na wawili, huvuta jicho kuliko rangi nyekundu.

*Ya nne, na hii si kosa la watu: upeo uko chini mno.* Ukichora umati ukiwa usawa wa macho yao, safu ya mbele inawaziba wote na unabaki na ukuta wa migongo. Pieter Bruegel Mzee alipochora michezo ya watoto mwaka 1560, zaidi ya watoto 200 katika ubao mmoja, alimpandisha mtazamaji juu na kuusukuma upeo karibu na ukingo wa juu wa picha. Uwanja ukawa kama mkeka uliotandikwa mbele yetu, kila mchezo na mahali pake. Kama ndipo ulipokosea, sikufichi: hakuna kiraka. Chukua turubai nyingine, na hii ubakie nayo kama rasimu.

Dalili: watu wa mbali wanaruka mbele

Hapa ni rangi, wala si kimo. Shati jekundu la mtu aliye kilomita moja halina wekundu ule ule. Hewa iliyo katikati imelififiza na kulitia ubuluu wa anga. Toboa tundu dogo kwenye kadi ya kijivu, uliweke juu ya shati la mbali, kisha juu ya la karibu. Vikifanana, umepata kosa. Ongeza rangi kidogo ya anga kwenye mchanganyiko wako kadiri unavyokwenda mbali, na giza la mbali lisifikie kamwe giza la karibu. Angalia pia kama umetumia brashi yenye ncha kali kule mbali: maelezo mengi huvuta mbele hata rangi ikiwa sahihi.

Isipokuwa penye theluji, maji au mchanga unaong'aa. Hapo watu wa mbali huwa madoa meusi, na ndivyo ilivyo. Katika picha ya wawindaji waliorudi kwenye theluji, ya Bruegel huyo huyo, mwaka 1565, wanaoteleza barafuni kule bondeni ni vidoa tu vya giza juu ya weupe, na bado unaona nani ameanguka.

Dalili: watu wadogo wamekuwa viluwiluwi

Kichwa kikubwa, mwili unaishia mkia. Kila mtu hupitia hapa, sababu ni kwamba tunaanza na kichwa, na kichwa ndicho tunachokipenda. Mtu mzima ni vichwa saba na nusu hivi. Mtu wa sentimita 3 basi ana kichwa cha milimita 4, na nguo na kilemba ndani yake. Brashi ukiigandamiza kawaida tu inatoa doa kubwa kuliko hilo.

Badili mpangilio. Chukua brashi bapa ndogo, rangi nzito kiasi. Mguso wa kwanza ni kiwiliwili: pigo moja lililoinama upande anakokwenda. Wa pili ni miguu, miwili isiyolingana, mmoja mrefu umenyooka na mwingine mfupi kwa sababu umekunjwa. Wa tatu ni mkono mmoja tu, ule unaoonekana. Kichwa kiwe cha mwisho, kwa ncha ya brashi, kidogo kuliko moyo unavyotaka, na kikae mbele kidogo ya mabega, si katikati yake. Kisha kivuli. Usiweke macho wala pua. Francesco Guardi, huko Venezia ya karne ya 18, aliwajaza watu kwenye viwanja na mashua zake kwa miguso michache tu ya namna hiyo, na wanapiga porojo, wanasukuma makasia, wanangoja.

Fanya mazoezi ya mia moja kwenye karatasi kabla ya kugusa turubai. Sitanii kuhusu hiyo mia. Wa thelathini ndipo wanapoanza kutembea.

Dalili: rangi ya watu haishiki, au inageuka tope

*Tope:* mandhari bado mbichi. Rangi ya mafuta inaweza kukauka juu kwa siku chache na tabaka nene likabaki bichi chini kwa wiki kadhaa. Gusa kwa kidole pembeni, kikinata, ngoja. Kama huna subira, akriliki, yaani rangi inayochanganywa kwa maji badala ya mafuta, hukauka kwa dakika, ila kumbuka mwelekeo: rangi ya mafuta inaweza kukaa juu ya akriliki iliyokauka, lakini akriliki juu ya mafuta itakuja kubanduka.

*Rangi inajikusanya matone na kukataa kutandaa:* uso ni wa mafuta na unang'aa kupita kiasi. Paka mafuta ya kitani kidogo sana kwa kitambaa, ufute karibu yote, kisha chora juu ya unyevu huo.

*Mipasuko juu ya watu baada ya miezi:* tabaka la juu lilikuwa na mafuta kidogo kuliko la chini, au la chini lilikuwa halijakauka. Kila tabaka linalofuata liwe na mafuta zaidi kidogo. Kwa picha iliyokwisha kupasuka, usijaze nyufa kwa rangi.

*Mzimu:* mtu uliyemfuta kwa kumpaka rangi juu anaanza kuonekana tena. Mafuta hupitisha mwanga zaidi kadiri yanavyozeeka, na mtu mweusi chini ya anga jeupe atarudi tu, pengine wewe ukiwa haupo. Anayefutwa akwanguliwe kwa kisu cha rangi mpaka kwenye turubai, sehemu ilainishwe, ndipo ardhi ichorwe upya.

Wa rangi ya maji, habari yenu ni fupi: weupe wa nguo ni karatasi yenyewe. Waachie watu nafasi zao tangu mwanzo, kwa penseli nyepesi au gundi ya kuzuia rangi, kwa sababu kuwarudisha baadaye kwa rangi nyeupe nzito hufanya kazi kwa wachache tu, si kwa umati.

Simama hapa

Ukisikia kizunguzungu, kichwa kuuma au kichefuchefu ukitumia tapentaini, kile kimiminika cha kuzimulia rangi ya mafuta, toka nje upate hewa, na isipoisha nenda kwa daktari. Kufungua dirisha halafu ukaendelea kuchora si tiba. Ganzi ya vidole baada ya siku za kuchora watu wadogo nayo ni ya daktari, hasa ikikuamsha usiku.

Vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani usivirundike. Yanapokauka hutoa joto, na rundo linaweza kuwaka lenyewe bila kiberiti. Vitandaze vikauke nje, au vitie kwenye kopo la chuma lenye maji na mfuniko.

Usipake vanishi mapema kuficha kasoro. Rangi ya mafuta hungojewa miezi 6 hadi 12, kutegemea unene.

Rangi ikianza kubanduka magamba, au picha ni ya zamani na si kazi yako, laza turubai chali, usiisugue, usiipake maji wala gundi, mwite mhifadhi wa michoro. Kila magamba yanayodondoka yahifadhi kwenye bahasha umpe yeye.

Na kama umekwangua mtu yule yule mara tatu, acha. Turubai nayo huchoka, na ya nne itakuachia kovu. Kuna dawa ambayo wengi wanaiona aibu: mpe mwingine achore watu. Jacob van Ruisdael alikuwa bingwa wa miti na mawingu, na katika baadhi ya mandhari zake watu walichorwa na Adriaen van de Velde. Katika Uholanzi ya karne ya 17 lilikuwa jambo la kawaida. Ukiamua hivyo, usimkabidhi picha mbichi. Mkabidhi mandhari iliyokauka, uwe umemtilia alama ndogo za mkaa pembeni kuonyesha upeo uko wapi, mtu mmoja wa kipimo, na upande linakotoka jua.